Kufuli ya Geti la Nyuma

"Ijulikane kwa wapangaji wote wa ploti ya Mzee Munyoki hapa Lucky Summer, wa vyumba na wa vibanda, wakubwa kwa wadogo, kwamba leo jengo hili tukufu la ghorofa tano litafanyiwa tathmini ya hatari ya moto. Kila mkazi anaagizwa kuwa msafi, mtulivu, na mwongo kwa kiasi kinachofaa."

Tangazo hilo nililitoa nikiwa nimesimama juu ya kreti ya soda, kidevu juu, mkono mmoja mgongoni, jinsi naibu wa mwalimu mkuu anavyofanya gwarideni shuleni kwetu. Lilisikilizwa na mtoto mmoja aliyekuwa akilamba chumvi kiganjani, na paka. Kisha kitambaa chenye maji kikanipiga shingoni.

"Griffins! Shuka hapo. Viazi vitajimenya?"

Hivyo ndivyo hotuba yangu ilivyofungwa rasmi.

Aliyeifunga ni mama yangu, Asenath, ambaye ploti nzima humwita Mama Griffins na ambaye hukaanga chipsi chini ya ngazi kuu ya jengo letu. Si kando ya ngazi. Chini yake kabisa, pale ngazi inapoinama na kuacha nafasi ya mtu mmoja, jiko la makaa, karai, na mtungi wa gesi wa siku ambazo makaa yamelowa. Zamani alikuwa na kibanda kando ya barabara, mpaka tingatinga lilipopita. Tangu hapo amekuwa chini ya ngazi, na chini ya ngazi ndiko karo yangu inakotoka. Nikirudi shuleni muhula ujao, nitarudi kwa sababu watu wa Lucky Summer wamekula chipsi. Wasipokula, sirudi. Sikuhitaji shule ya bweni kuifanya hesabu hiyo.

Sasa Mzee Munyoki, landilodi wetu, alitaka kulikatia jengo lake bima, na watu wa bima wakasema hawaligusi mpaka mkaguzi wa moto alipitie. Hata mimi, ambaye si mkaguzi, najua kwamba mtu wa kazi hiyo akimkuta mwanamke anachemsha mafuta chini ya ngazi, hatamwomba chumvi. Mzee hakutaka maneno mengi. Alituma ujumbe mmoja kupitia kwa Mutie: jiko likionekana, Mama Griffins ahame siku hiyo hiyo.

Mutie ndiye msimamizi wa ploti. Hubeba funguo nyingi kiunoni hata akitembea husikika kama ng'ombe aliyevishwa kengele. Mimi na yeye tuna uadui wa muda mrefu, ambao chanzo chake hakifai kuelezwa mbele ya watu wenye heshima, ingawa kinahusu pilipili na suruali yake iliyokuwa ikikauka kwenye kamba.

"Mama Griffins," alisema asubuhi hiyo, akisukuma beseni la viazi kwa ncha ya kiatu, "leo wewe hauko."

"Nisiwe vipi na niko?"

"Hauko. Hakuna chipsi, hakuna jiko, hakuna Mama. Ukiulizwa, wewe ni mpita njia, umekuja kusalimia. Na huyu kasuku wako wa bweni umfunge mdomo kabla sijamfunga mimi."

Mama yangu anaweza kugombana na barabara nzima kuanzia hapa hadi Baba Dogo bila kukohoa. Nilimsubiri. Nilitegemea angalau beseni lingeruka. Lakini alijifuta mikono kwenye aproni na kusema kwa sauti ndogo, "Sawa, Mutie."

Ile "sawa" ndiyo iliyoniudhi. Kama angetukana, ningecheka na kuendelea kumenya. Badala yake niliweka kisu chini, nikapanda chumbani kwetu ghorofa ya kwanza, nikafungua sanduku langu la shule na kutoa kufuli yake.

Ni vizuri kuelewa mambo ya geti la nyuma. Jengo letu lina ngazi mbili. Ile kubwa ya mbele tunapita sote. Ile nyembamba ya nyuma inashuka gizani hadi kwenye geti la chuma linaloelekea uchochoroni, na geti hilo Mutie hulifunga mwaka mzima kwa sababu ya wezi wa nguo. Hapo zamani walipitia huko, wakapanda hadi darini, wakaanua hata soksi zilizotoboka. Kwa hiyo Mutie alilifunga, na watu wakamshukuru. Siku ya mkaguzi tu ndiyo aliyolifungua. Alilitia mafuta, akalisukuma mbele na nyuma mara nyingi, akitabasamu kama mtu anayembembeza mtoto wa mwenye mali. Nilimsikia akijizoeza maneno: "Geti hili, madam, huwa wazi usiku na mchana."

Alipoondoka, nilishuka ngazi ya nyuma, nikalivuta geti na kulipiga kufuli yangu. Ufunguo nikauweka mfukoni. Mpango wangu ulikuwa safi. Mutie angemleta mkaguzi hapo, angesema maneno yake, angesukuma, na geti lingekataa. Angejaribu funguo zake zote, moja baada ya nyingine, akitokwa na jasho, nami ningesimama kando na uso wa kumwonea huruma, ambao nilikuwa nimeufanyia mazoezi.

Mkaguzi alifika mapema kuliko alivyotarajiwa. Mtoto wa chumvi ndiye aliyemwona kwanza na kupiga kelele kutoka barabarani, "Amekuja! Ni mama!" Mutie akachanganyikiwa. Alikuwa ameleta pazia kubwa kutoka sebuleni kwa Mzee Munyoki, pazia zito lenye picha za zabibu, akalitundika mbele ya pale pa Mama kwa misumari. Karai akalisukuma ndani. Mtungi wa gesi akausukuma kwa mguu mpaka ukagonga jiko.

"Mutie, makaa bado yana moto," Mama alisema.

"Yatajizimia! Toka hapo!"

Nililisikia hilo kwa masikio yangu. Lakini wakati huo nilikuwa nawaza geti la nyuma na uso wangu wa huruma.

Mkaguzi aliitwa Lorine Ayuma. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vizito na tochi shingoni, na uso wa mtu aliyeuziwa maziwa yaliyochacha na sasa amerudi na kopo. Alisalimia mara moja tu, sote kwa pamoja. Mama, mpita njia, hakujizuia.

"Ayuma! Basi wewe ni mtu wa kwetu. Wewe ni wa wapi, mwanangu?"

"Mimi ni wa kazini, Mama."

Mama alirudi nyuma kana kwamba amefungiwa mlango usoni. Nami nikamchukia huyo madam hapo hapo, nikamweka kwenye foleni nyuma ya Mutie.

Mutie alimwonyesha mitungi ya kuzimia moto. Ilikuwa imepangwa ukutani, myekundu, inang'aa. Jana yake haikuwepo. Ilikuja alfajiri kwa mkokoteni, kwa sababu huku kwetu kuna mitungi michache ambayo huzunguka: jengo likikaguliwa, wasimamizi huazimana kama vile watu wanavyoazimana viti vya harusi. Madam Ayuma alichuchumaa mbele ya mmoja na kuutazama kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani asiyempenda.

"Huu nimeukagua juzi. Jengo lingine."

"Mitungi inafanana, madam," Mutie alisema. "Hata watu hufanana."

Madam akaupindua. "Watu hawaandikwi jina la ploti kwenye makalio."

Chini ya mtungi, kwa rangi nyeupe, kulikuwa kumeandikwa jina la ploti ya jirani. Mutie alicheka peke yake. Madam akaangalia mshale wa kipimo, akaugongagonga, haukusogea. "Na hauna kitu ndani. Mmeazima hata ubovu?"

Watu waliokuwa mlangoni waliguna. Hakuna aliyempenda Mutie, lakini hakuna aliyetaka achekwe na mgeni.

"Tuanzie juu," madam alisema. "Na sitaki unisindikize wewe. Nataka mtu asiyekula mshahara wa landilodi." Macho yake yakazunguka yakanifikia mimi, na shati langu la shule. "Wewe. Twende."

Nilipanda nikiwa kiongozi wa msafara. Ghorofa ya tano nilibisha kwa Mama Leyla, ambaye huuza magauni ya madera kwa jumla Eastleigh na hurudi na hasira ya wateja wote wa siku.

"Mnalala wangapi humu?" madam aliuliza.

"Wawili," Mama Leyla alisema, akiwa ameujaza mlango.

Lazima nieleze kwamba maji huku hulipwa kwa kichwa, na kwa hiyo katika ploti ya Mzee Munyoki hakuna nyumba yenye zaidi ya watu wawili. Nyuma ya miguu ya Mama Leyla kulikuwa na viatu vya kutosha kufungua duka.

"Na hivi viatu?"

"Vya wageni."

"Wageni wako wapi?"

"Wameenda."

"Bila viatu?"

"Madam, umekuja kukagua moto au miguu? Kwani umetumwa na Munyoki atuongezee bili ya maji?"

Madam alichungulia juu ya bega la Mama Leyla hadi dirishani, ambako vyuma vilikuwa vimesokotwa kama kapu. "Moto ukitokea, hapo dirishani utatokea wapi?"

"Na mwizi ataingilia wapi?" Mama Leyla akamuuliza. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe Griffins, unatuletea serikali mlangoni? Nitamwambia mama yako."

Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

Ghorofa ya nne tulimkuta Patrobas, fundi wa viatu, ambaye hulala chumba kimoja na ngozi zake na makopo ya gundi.

"Gundi hii inashika moto haraka," madam alisema.

"Hata wewe unawaka tangu ufike, na hakuna aliyekumwagia maji."

"Wangapi mnalala hapa?"

"Mimi na Mungu."

Nyuma ya pazia la kitanda mtu akapiga chafya. Patrobas hakupepesa. "Mungu ana mafua," alisema.

Nilikuwa nafurahi. Sijui niseme vipi bila kujiaibisha, lakini kwenda mlango hadi mlango na kuona huyu mwanamke anavyotemewa maneno kulinifanya nijisikie nimelipwa kwa niaba ya mama yangu. Madam alikuwa anaandika kila kitu bila kubadilika uso. Mlango mmoja ulifungwa kwa nguvu hata plasta ikaanguka. Mwingine haukufunguliwa kabisa, sauti ikatoka ndani: "Hatuko!"

Tulipotoka kwa Patrobas madam alisimama kwenye ngazi kuu na kuweka kiganja ukutani, akatazama chini kupitia pale katikati hadi sakafuni.

"Unaona hii?" alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuongea nami kama mtu. "Hii si ngazi. Ni bomba la moshi. Kitu kikiwaka pale chini, moshi wote unakuja huku kwa watu, na hakuna anayeshuka. Hawa wote wanaonidanganya wana njia moja tu ya kutoka hai. Ile ya nyuma. Iko wazi?"

"Iko wazi, madam."

"Umeiona mwenyewe leo?"

"Kwa macho yangu haya," nikasema. Na ni kweli nilikuwa nimeiona wazi, kabla ya kuifunga.

Alinitazama kidogo, akaandika. Mkono wangu uliingia mfukoni ukaugusa ufunguo. Nikajiambia kwamba tukimaliza ghorofa ya tatu nitaomba ruhusa ya kwenda msalani, nitashuka nyuma, nitaondoa kufuli, na mzaha utakuwa umekufa bila mtu kuumia. Hilo nililiamua kabisa. Naapa nililiamua.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Harufu ya kitambaa, si ya makaa. Kisha moshi mweusi ukapanda kupitia katikati ya ngazi taratibu, kama mtu anayejua nyumba anayokwenda. Chini kabisa nilisikia sauti ya Mama ikiliita jina la Mutie.

Madam Ayuma hakupiga kelele mara moja. Alitazama moshi, akanitazama mimi, kisha sauti ikamtoka ambayo sikujua mtu mfupi anaweza kuwa nayo. "Nje! Wote nje! Ngazi ya nyuma! Msichukue kitu!"

Milango ikafunguka. Kwa Patrobas wakatoka Mungu na wapwa zake watatu. Kwa Mama Leyla, nyumba ya watu wawili, watu waliteremka kama waumini baada ya ibada: wajomba, wasichana wa kazi, bibi kizee amebebwa mgongoni, Leyla na nduguze wakiwa wameinama kwa kukohoa. Madam alikuwa amesimama kwenye korido akiwasukuma kuelekea nyuma, mmoja mmoja, huku akisema, "Wageni. Wageni. Wageni wengine," na hakuwa anatania.

Ngazi ya nyuma ilitumeza. Ni nyembamba, mtu mnene akishuka mwingine hapiti. Tulishuka tukigusana migongo, watoto wakilia, halafu tukasimama. Watu wa mbele walikuwa wamefika chini. Tukasikia chuma kikitikiswa.

"Geti limefungwa!"

"Mutie! Mutie, wewe mbwa, fungua!"

Mutie alikuwa nje, uchochoroni. Alikuwa ametokea mbele na kuzunguka jengo mbio, na sasa alikuwa upande wa pili wa vyuma akijaribu funguo zake. Nilisikia zinavyogongana. Nilisikia pia sauti yake, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Haiingii. Haiingii. Kufuli hii si yangu!"

"Si yako na unakaa na funguo zote?"

"Jamani, mnanibana mtoto!"

Mimi nilikuwa karibu na kona ya ghorofa ya kwanza, nimekandamizwa ukutani, moshi ukianza kutufikia kutoka juu. Ufunguo ulikuwa kwenye kiganja changu. Ningeweza kupiga kelele: ni yangu, nipisheni. Watu wangenisikia. Nilifungua mdomo, nikawaona jinsi walivyo, macho yamewatoka, nikajua kwamba mtu atakayesema maneno hayo hatafika chini na meno yake yote.

Nikamgusa Mama Leyla begani.

"Pitisha mbele. Ni wa Mutie. Ameuangusha."

Hakuuliza. Aliuchukua, akamfikia Patrobas, Patrobas akamfikia Nahashon, askari wa usiku anayeishi ghorofa ya pili, aliyekuwa bado amejifunga shuka, na Nahashon akaupitisha katikati ya vyuma hadi mkononi mwa Mutie, aliyekuwa ameivuta kufuli upande wake. Kufuli ikalia. Geti likafunguka na tukamwagika uchochoroni, wengine juu ya wengine.

Nilidhani watu waliookoka huketi chini na kushukuru. Hawa hawakuketi. Patrobas hata hakungoja pumzi imrudie, alimshika Mutie shingoni na kumbandika ukutani.

"Ulitufungia kama kuku!"

"Kila siku anafunga! Kila siku!"

"Mchapeni!"

Kofi la kwanza lilikuwa la Patrobas. La pili sikuona la nani. Mutie hakurudisha. Vidole vyake vilikuwa vinatoka damu kwa kuvuta chuma, na aliviinua mbele ya uso wake, akarudia, "Kufuli si yangu. Iangalieni. Iangalieni tu." Nami nilisimama nyuma ya umati na, kwa muda wa kumeza mate, nilifurahi. Kisha nikaona mdomo wake umepasuka, na sikufurahi tena, lakini pia sikusogea.

Madam Ayuma alitoka wa mwisho. Aliwatenganisha kwa viwiko, akaokota kufuli iliyokuwa bado na ufunguo ndani yake, akaiinua.

"Ni ya nani hii?"

Wakati huo huo Mama alifika akizunguka kona, amelowa hadi kiunoni, uso mweusi kwa moshi. Alikuwa ameuzima moto kwa maji ya viazi, beseni baada ya beseni, peke yake, huku sisi wote tukikimbilia nyuma. Alinitafuta kwa macho akanipata. Kisha akaona kilicho mkononi mwa madam. Yeye ndiye aliyeninunulia kufuli hiyo Eastleigh, na alibishana na muuzaji mpaka akachoka.

"Kufuli zote zinafanana," Mama alisema, kabla mtu hajamuuliza.

Madam alimtazama, akamgeukia Mutie. "Ufunguo ulitoka wapi?"

"Nimepewa na Nahashon."

"Mimi nilipewa na Patrobas," Nahashon akasema haraka, akijifunga shuka vizuri.

Patrobas aliachilia shingo ya Mutie. "Mimi nilipokea kwa Mama Leyla. Ulizeni yeye."

Mama Leyla aligeuka polepole, na kidole chake kikageuka pamoja naye. "Griffins ndiye aliyenipa. Akasema ni wa Mutie, ameuangusha."

"Nimeuangusha huko juu," Mutie alisema kwa mdomo wake uliopasuka, "na mimi niko nje ya geti?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Watu wote wakanigeukia, na nafasi ikatokea kunizunguka kama ile inayotokea kumzunguka mtu aliyetapika.

"Mtoto ameokota ufunguo, amewaokoa, na sasa mnataka kumla?" Mama alifoka, akisimama mbele yangu.

"Uliuokota wapi?" madam aliniuliza.

"Mfukoni."

"Mfuko wa nani?"

"Wangu."

Mama Leyla alitema mate chini, karibu na kiatu changu. Mtu akasema, "Wacheni nimshike huyo," na Mama akanyoosha mikono pande zote mbili kama mlango.

"Kwa nini?" madam aliuliza.

"Nilitaka kumwaibisha Mutie."

"Kwa sababu gani?"

"Utundu tu, madam," Mama akanijibia. "Shule za bweni zinaharibu watoto. Nitamshughulikia nyumbani."

"Utundu tu," nikasema.

Madam alinitazama kwa dharau ambayo sikuweza kuilalamikia. Kisha akamwacha huyo mtoto mtundu na kuuliza swali ambalo kila mtu alikuwa akilingoja. "Moto ulianzia chini ya ngazi. Pale nyuma ya pazia pana nini?"

"Fagio," Mama alisema.

"Fagio na ndoo," Mama Leyla akasema.

"Fagio," alisema Patrobas.

Madam akamtazama Mutie, ambaye damu ilikuwa ikimtiririka kidevuni. "Fagio, madam," Mutie alisema.

Hao watu walikuwa wakinyongana. Sasa walikuwa wamesimama bega kwa bega dhidi ya madam, na Mama katikati yao, na nikaelewa kwamba kama nikinyamaza hapo, nimepona na jiko limepona.

Moshi ulikuwa umepungua. Watu walianza kusogea kuelekea mlango wa mbele. Mmoja alikuwa ameacha simu kwenye chaji, mwingine maharagwe. Leyla na watoto wengine walikuwa tayari wanakimbia kwenye kona.

"Subirini!" madam aliita, na hakuna aliyesubiri. Akamgeukia Mama. "Hakuna gesi pale? Hao watoto wakiingia, hakuna gesi?"

"Gesi ya nini? Fagio hupikwa?"

Mama alinitazama aliposema hivyo. Alikuwa amemwaga maji mpaka moto ukafa, na nadhani aliamini kabisa kwamba yamekwisha. Lakini mimi nilimwona Mutie akiusukuma ule mtungi kwa mguu hadi ukagonga jiko lenye makaa.

"Kuna gesi!" nikapiga kelele. "Leyla, rudi! Kuna mtungi wa gesi!"

Madam alikimbia kuliko nilivyodhani viatu vile vinaweza, akawakinga watoto mlangoni kwa mikono yake miwili. Nahashon akamfuata. Waliobaki walinitazama mimi. Mutie alifumba macho. Mama aliketi kwenye ukingo wa mtaro, akaweka viganja vyake vyeusi juu ya magoti.

Madam aliporudi alikuwa anahema. "Anza mwanzo," alisema. "Sasa hivi, mbele ya hawa wote."

Nilijaribu kutafuta ile sauti yangu ya gwarideni. Haikuja.

"Ni jiko la mama yangu la chipsi," nikasema. "Ndilo liko chini ya ngazi, na ndilo linalonilipia shule. Nyuma ya pazia kuna karai, na mtungi umeegemea jiko, na makaa yalikuwa na moto. Mama alisema yana moto, nikamsikia, sikufanya kitu. Geti ni mimi niliyelifunga. Mutie alikuwa amelifungua. Na uliponiuliza kule juu kama liko wazi, madam, nilikuwa nimeushika ufunguo."